Kifafa Kisichosikia Dawa: Mtoto, Timu Yake na Daftari Lake

Kaa asubuhi moja kwenye benchi la kliniki ya watoto, iwe katika hospitali kuu ya Embu au ile ya Meru, uitazame mikoba ya akina mama wanaosubiri. Kuna mkoba utakaoutambua mara moja kwa uzito wake. Umejaa madaftari. Moja lilinunuliwa siku mtoto alipofikishwa zahanati ya karibu na nyumbani, la pili hospitali ya misheni, la tatu kwa daktari wa kibinafsi mjini, la nne Nairobi. Kila kituo kilimwambia mama anunue jipya, kila daktari akaanza habari upya kutoka ukurasa wa kwanza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyasoma yote manne kwa pamoja. Mtoto bado anaanguka mara kadhaa kwa juma.

Makala haya namwandikia mama huyo, pamoja na baba, nyanya na mwalimu wa mtoto wake. Ninaloamini ni hili: watu wa kumsaidia mtoto huyo wapo, na wengi wao wapo hapa hapa katika kaunti zetu. Kinachokosekana ni kamba ya kuwafunga pamoja. Mpaka mfumo wa afya utakapoileta kamba hiyo, familia ndiyo itakayoisokota.

Nianze na habari njema, maana ndiyo inayowahusu wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa vyema na kupata dawa zinazofaa. Nyingi za dawa hizo ni za zamani na za bei nafuu. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960 akitumia hasa fenobabitoni, na alipoondoka wauguzi wakaiendeleza. Hapa kwetu, utafiti wa miaka mingi wa KEMRI kule Kilifi ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wenye kifafa hawakuwa wakitumia dawa yoyote. Kwa hiyo, ikiwa mtoto wako hajawahi kupewa dawa, au alipewa akaachishwa baada ya mwezi mmoja kwa kuwa hali ilitulia, hatua yako ya kwanza ni kurudi kwa tabibu na kuanza dawa vizuri. Usikimbilie magonjwa adimu kabla ya kulitimiza hilo.

Lakini kuna mtoto aliyemeza dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, kila siku bila kuruka, na bado anaanguka. Kuna mwingine aliyeanza kukakamaa siku ya pili baada ya kuzaliwa. Kuna aliyekuwa akitembea na kusema maneno machache, kisha akaanza kuyapoteza. Hawa wanahitaji mtu aulize swali jingine: je, tatizo limeanzia kwenye ubongo wenyewe, au ni jinsi mwili unavyokitumia chakula?

Namna hiyo ya mwili kukitumia chakula ndiyo iitwayo umetaboli. Kila aliyewahi kupeleka majani ya chai kiwandani, iwe Mungania au Githongo, ataelewa upesi. Majani huingia upande mmoja, hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa, hupepetwa. Mashine moja ikiharibika, mambo mawili hutokea kwa pamoja: majani hurundikana na kuharibika pale yalipokwama, na mashine ya mbele yake hukaa bure bila kitu cha kufanyia kazi. Mwilini mashine hizo huitwa vimeng'enya. Mtoto akizaliwa bila kimeng'enya kimoja, kitu fulani kinachotoka kwenye chakula hurundikana kama sumu, na kitu kingine ambacho ubongo unakihitaji hakifiki. Ubongo ulio katika hali hiyo hulalamika kwa njia unazozijua, na mojawapo ni kifafa.

Kila ugonjwa wa aina hii, ukiutazama peke yake, ni adimu. Lakini aina ni mamia, na kadhaa kati yake zina tiba. Hapa ndipo uchungu ulipo. Kenya bado haina mpango wa taifa wa kumpima kila mtoto mchanga magonjwa haya kwa tone la damu la kisigino, kama inavyofanywa katika nchi nyingi za Ulaya. Mtoto wetu hugunduliwa tu ikiwa mtu fulani aliyekuwa karibu naye alishuku.

Mtu huyo mara nyingi ni mama. Mwaka 1934, nchini Norwei, mama aitwaye Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili waliokuwa wakidumaa kiakili, na madaktari hawakuwa na jibu. Yeye alishikilia jambo moja: mkojo wa watoto wake ulikuwa na harufu ya ajabu, isiyotoka hata baada ya kufua. Wengi walimsikiliza wakapita. Daktari Asbjørn Følling alikubali kuupima mkojo huo, akautia kemikali ambayo kwa kawaida haiugeuzi mkojo kuwa kijani, nao ukawa kijani. Kutokana na kijani hicho ulijulikana ugonjwa tunaouita leo fenilketonuria. Watoto wa Egeland hawakuponywa, kwa kuwa tiba haikuwepo. Lakini katika miaka ya 1950 chakula maalumu kikaanza kutumiwa Uingereza, na miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani akaleta kipimo cha tone la damu kwenye karatasi. Watoto waliofuata walikua, wakasoma, wakaoa na kuolewa. Mlolongo wote ulianza na mama aliyekataa kunyamaza kuhusu harufu.

Basi, mama, haya ndiyo ya kuangalia na kuyasema kwa sauti ukiwa kliniki. Je, kifafa kilianza siku za kwanza za maisha na kikakataa dawa mbili au zaidi? Je, mtoto huwa mbaya zaidi asubuhi kabla ya kula, au akikaa muda mrefu bila chakula, kisha akapata nafuu baada ya uji? Je, akipata homa ndogo au kuhara kidogo hulegea na kutapika na kusinzia kupita wenzake? Je, mkojo au jasho lake lina harufu isiyo ya kawaida? Je, nywele zinakatika na ngozi ina vipele visivyopona? Je, ameanza kupoteza alichokuwa amejifunza? Je, kuna ndugu yake aliyefariki akiwa mchanga bila sababu kujulikana? Je, baba na mama wana undugu wa damu? Swali la ndugu aliyefariki huwa gumu kujibiwa mbele ya mama mkwe. Omba kuzungumza na daktari faraghani, lakini usiliache, kwa maana linaweza kuwa ndilo lenye kufungua kila kitu.

Na hapa niseme jambo ambalo limevunja ndoa bure. Mengi ya magonjwa haya hurithiwa kwa njia moja: baba ana nakala moja yenye kasoro, mama ana nakala moja yenye kasoro, na wote wawili ni wazima kabisa. Kila mimba inapoingia, nafasi ya mtoto kupata nakala zote mbili ni moja kwa nne. Mzigo ni wa wote wawili sawasawa. Mwanamke anayefukuzwa kwa kuwa "ameleta ugonjwa kwenye boma" anafukuzwa na mwanamume aliyeleta nusu yake.

Sasa tuje kwenye timu yenyewe.

Nikisema timu, simaanishi chumba chenye mabingwa kumi waliovaa makoti meupe. Chumba hicho ni nadra hata Nairobi. Namaanisha watu ambao kila mmoja anajua kazi yake, anajua kazi ya mwenzake, na anajua nambari ya simu ya mwenzake. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, iliyotiwa saini Oktoba 2023, inazitaka kaunti ziunde mitandao ya vituo vya afya na timu za wataalamu wa fani mbalimbali zinazoshuka hadi mashinani. Kwa hiyo ukiuliza timu ya eneo lenu ni akina nani, huombi fadhila. Unaulizia jambo lililo kwenye sheria.

Timu huanzia chini. Mhudumu wa afya ya jamii, yule tunayemwita CHP, ndiye anayeijua njia ya kwenu. Wahudumu hawa walipogawiwa vifaa mwaka 2023, kwenye begi mlikuwa na kipimo cha sukari ya damu. Kwa mtoto anayeshikwa alfajiri kabla ya kula, kipimo hicho kina thamani kubwa sana. Sukari iliyopimwa wakati mtoto anatukutika, saa kumi na moja asubuhi kule Kianjokoma au Mikinduri, ni habari ambayo hakuna bingwa anayeweza kuipata saa sita mchana akiwa ofisini. Mwombe CHP wako akufundishe kupima, na kila tarakimu iandikwe pamoja na saa.

Tabibu wa kituo cha afya ndiye atakayemwona mtoto mara nyingi zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Kazi yake si kuujua kila ugonjwa adimu. Kazi yake ni kushuku, kuandika barua ya rufaa inayosema wazi anachokishuku, na kuendeleza dawa mtoto anaporudi. Daktari wa watoto katika hospitali ya kaunti ndiye anayepaswa kuwa nahodha, na neno hilo nalisisitiza. Mtoto akionwa na watu saba bila nahodha, hana timu. Ana foleni saba. Muulize daktari waziwazi: "Daktari, kati yenu nyote, ni nani anayeshika usukani wa mtoto huyu?" Akikuambia ni yeye, andika jina. Akisema ni mwenzake wa Nairobi, andika hilo pia, na umwombe ampigie mbele yako. Simu moja ya dakika kumi kati ya Meru na Nairobi inaweza kukuokolea safari ya kilomita zaidi ya 200 na kurudi, tena na mtoto anayechafukwa na gari kwenye kona za Chuka.

Mfamasia ni mtu ambaye familia nyingi humpita dirishani bila kuzungumza naye. Usimpite. Valproeti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Epilim, ni dawa nzuri ya kifafa kwa watu wengi. Lakini kwa mtoto mdogo mwenye aina fulani za hitilafu ya umetaboli inaweza kuliharibu ini hadi kifo. Kwa hiyo, kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, mwenye kifafa kisichoeleweka na anayerudi nyuma kimakuzi, swali liulizwe kabla ya kijiko cha kwanza: je, tumeondoa shaka ya umetaboli? Ikiwa mtoto ameshaianza, usiiache ghafla. Nenda ukaulize. Kuacha dawa yoyote ya kifafa kwa siku moja kunaweza kuleta mshtuko usiokoma.

Kuna dawa nyingine ninayotaka kila mzazi aijue, kwa sababu inaonyesha jinsi msaada unavyoweza kuwa karibu na bado usifike. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na kifafa kinachokataa dawa zote ila vitamini moja tu, B6, iitwayo piridoksini. Ugonjwa huo umejulikana tangu 1954. Vidonge vya piridoksini vimo katika kliniki zetu za kifua kikuu, kwa kuwa hupewa wagonjwa wa TB ili dawa zao zisiwaharibie mishipa ya fahamu. Yaani mtoto anaweza kuwa anakakamaa kwenye wodi moja, na kidonge chake kikawa kabatini jengo la pili. Mtu wa kuviunganisha viwili hivyo ni daktari anayekumbuka kuuliza. Lakini nisieleweke vibaya: usinunue vitamini hiyo dukani ukajijaribia nyumbani. Dozi ya kwanza kwa mtoto mchanga hutolewa hospitalini, kwa sababu inaweza kumfanya aache kupumua kwa muda, na dozi kubwa za muda mrefu huumiza mishipa. Wewe uliza tu: "Je, mtoto wangu amejaribiwa B6?" Kwa mtoto aliyeanza kushikwa akiwa mchanga, hilo ni swali halali, na daktari mwema hatalichukia.

Vipimo navyo vina adabu yake. Vingi hutoa jibu la kweli ikiwa damu na mkojo vilichukuliwa wakati mtoto yuko mbaya, kabla hajatundikiwa dripu ya sukari iliyosafisha ushahidi. Sukari, ketoni kwenye mkojo, hali ya ini, na pale inapowezekana amonia na asidi ya laktiki: hivi ndivyo vya kuanzia. Vile vya ndani zaidi, vikiwemo vya vinasaba, huweza kulazimu sampuli kusafirishwa nje ya nchi, na bei yake ni nzito. Usiuze shamba kwa ajili ya kipimo ambacho hakitabadilisha matibabu. Muulize nahodha wako: "Jibu likija, tutafanya nini tofauti?" Akiwa na jibu, tafuta pesa. Akikosa, subiri kidogo. Hata hivyo, ikiwa mnataka kupata mtoto mwingine, kujua jina la ugonjwa kunaweza kumwokoa huyo ajaye, kwani wodi ya uzazi itamtazama tangu saa ya kwanza badala ya kungoja aanguke. Kwa sababu hiyo, hata mtoto anayefariki bila jina la ugonjwa anafaa kuchukuliwa sampuli ihifadhiwe. Ni neno gumu, nalo ni la upendo.

Chakula ndiyo sehemu ninayoiona kuwa tajiri zaidi hapa kwetu, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kuna watoto ambao ubongo wao haupokei sukari vizuri, kwa mfano wenye upungufu uitwao GLUT1, uliotambuliwa mwaka 1991. Tiba yao kuu ni chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ili ubongo uchome mafuta badala ya sukari. Chakula hicho cha ketojeniki kilianza kutumiwa kwa kifafa tangu 1921 huko Marekani, na kinawasaidia pia watoto wengine ambao dawa zimewashinda. Ukisoma mapishi ya Wazungu utadhani ni chakula cha matajiri. Lakini tazama vilima vya Manyatta na Imenti: parachichi zinaanguka chini ya mti, makadamia zinauzwa kwa kilo, mayai yapo, terere na managu ziko kando ya mfereji. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ya kaunti akikaa na mzani mdogo na karatasi, anaweza kukutengenezea mpango wa wiki nzima kutokana na shamba lako mwenyewe.

Mtaalamu huyo asipokaa nawe, usianze peke yako. Kwa watoto ambao mwili wao hauwezi kuchoma mafuta, chakula hicho hicho ni hatari kubwa, ndiyo maana vipimo hutangulia. Na mtoto mwenye fenilketonuria anahitaji mpango wa kinyume: protini kidogo iliyopimwa, yaani maharagwe ya githeri, maziwa, nyama na mayai kwa kiasi au pasipo kabisa, pamoja na maziwa maalumu ya kuagizwa kutoka nje. Nduma na viazi vitamu, ambavyo mtoto wa ketojeniki amekatazwa, huyu anaweza kupewa kwa kipimo. Wagonjwa wawili, kifafa kimoja kwa macho ya jirani, sahani mbili zisizofanana.

Kinachoangusha mipango hii si umaskini peke yake. Mara nyingi ni huruma. Nyanya anamwona mjukuu akitazama wenzake wakila mukimo, moyo unamwuma, anamkatia kipande cha ndizi kisirisiri. Kwa hiyo nyanya aitwe kliniki. Aketi na mtaalamu wa lishe, aelezwe kwa Kimeru au Kiembu, na apewe kazi yake: yeye ndiye mlinzi wa sahani. Nyanya aliyepewa kazi halishi kisirisiri. Kumbuka pia dawa za maji za kikohozi na homa. Nyingi zina sukari. Mfamasia atakuonyesha zisizo nayo.

Shuleni, mwalimu wa darasa anahitaji mambo matatu tu: nini cha kufanya mtoto akianguka, nini asile, na nani apigiwe. Akianguka, alazwe ubavu, kichwa kikingwe, saa itazamwe. Asitiwe kijiko mdomoni, asimwagiwe maji, asibanwe mikono, asinusishwe kiatu wala kitunguu. Ikipita dakika tano, au akishikwa tena kabla hajazinduka, ni hospitali. Kwa mtoto ambaye masomo yanamlemea, kuna vituo vya EARC vya Wizara ya Elimu vinavyomtathmini bila kumfukuza shule. Nyumbani, jiko la mafiga liinuliwe au lizungushiwe kizuizi, na asitumwe mtoni peke yake. Makovu mengi ya moto unayoyaona kwa watu wenye kifafa yangezuilika kwa matofali machache.

Mchungaji na padri nao wamo kwenye timu, wapende wasipende, kwa maana familia nyingi za kwetu hufika kanisani kabla ya kufika hospitalini. Ombi langu kwao ni moja: mwombeeni mtoto, na kabla ya amina ya mwisho mwulizeni mama kama dawa ya leo imemezwa. Kamwe msimwambie aiache kama ishara ya imani. Watoto hufa kwa neno hilo.

Sasa daftari. Nunua moja kubwa, lenye jalada gumu, na liwe moja tu. Kituo kikidai jipya, nunua ili kazi iendelee, lakini siku hiyo hiyo nakili mambo makuu kwenye lile kubwa. Ukurasa wa kwanza uwe na jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa sasa, dawa na kipimo chake, na dawa zilizokataliwa na sababu. Kurasa zinazofuata ziwe za kifafa: tarehe, saa, alikula lini, kilidumu dakika ngapi, kilianzia mkono upi. Simu yako ikiwa na kamera, mwombe mtu arekodi. Video ya nusu dakika humwonyesha daktari mambo ambayo maneno hayawezi. Nyuma ya daftari bandika majibu yote ya maabara kwa mpangilio wa tarehe.

Ndani ya jalada weka barua ya dharura. Hii ni karatasi moja, iliyotiwa saini na muhuri na nahodha, inayomwambia daktari wa zamu asiyemjua mtoto: huyu ana ugonjwa huu au anashukiwa kuwa nao, akitapika au akilegea asisubirishwe kwenye foleni, apimwe hiki kwanza, apewe hiki, asipewe kile, apigiwe huyu. Toa nakala. Moja shuleni, moja kwa CHP, na picha yake iwe kwenye simu ya mwendesha bodaboda unayemwamini, maana ndiye atakayewabeba usiku wa manane kutoka Laare hadi Maua au kutoka Siakago hadi Embu.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi. Tangu 1 Oktoba 2024 bima yetu ya taifa ni SHA. Huduma za ngazi ya chini hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi ukishajisajili, lakini kulazwa na huduma za hospitali kubwa huhitaji mchango uliolipwa, nao hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Msajili mtoto kama tegemezi kabla hajaugua. Ikiwa ugonjwa umemwachia ulemavu, omba tathmini hospitalini ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na akina mama watano wa eneo moja wakiungana, hata kwa kikundi cha WhatsApp tu, wanaweza kuiomba hospitali iweke siku moja kwa mwezi ambapo daktari, mtaalamu wa lishe, mfamasia na wa fiziotherapia wako pamoja asubuhi moja. Hospitali haihitaji jengo jipya kwa hilo. Inahitaji kupanga ratiba.

Mtoto huyu atakua. Wodi ya watoto itamuaga akiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, na hapo ndipo wengi hupotea. Mwaka mmoja kabla, nahodha wa watoto amkabidhi kwa daktari wa watu wazima ana kwa ana, na daftari likiwa mezani. Msichana anayetumia kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni aelezwe kuwa dawa hizi hudhoofisha vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Valproeti huumiza mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mazungumzo ya kuibadilisha yafanyike kabla ya mimba, si baada ya kuingia. Mvulana wa Igembe au Mbeere aambiwe kwamba miraa na muguka humkosesha usingizi na chakula, na kukosa usingizi ni kualika kifafa. Kwa mwenye hitilafu ya umetaboli, kukesha bila kula ni hatari maradufu. Asiendeshe bodaboda kifafa chake kikiwa hakijatulia. Mambo haya yasemwe na mtu anayemheshimu, na yasemwe zaidi ya mara moja.

Mama, siku yako ya kliniki ikifika, usiinuke kwenye kiti cha daktari kabla ya kuuliza swali hili: "Mtoto huyu akinibadilikia saa nane za usiku, nimpigie nani?" Mpe kalamu na daftari, na usitoke mlangoni mpaka jina na nambari viwe vimeandikwa.